Jina Moja, Miandiko Miwili

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kusoma barua za watu bila kuzifungua. Ndivyo alivyopenda kueleza mwenyewe, na waliomsikia kwa mara ya kwanza walidhani anatania. Alikuwa karani wa posta, katika chumba cha nyuma kilichopokea barua zilizopotea njia: bahasha zenye anwani nusu, majina yaliyofutwa na mvua, herufi zilizokaa kama kuku amepita na miguu yake ya matope. Wenzake wakishindwa, walimpelekea yeye. Aliinua bahasha dirishani, akaigeuza, akainusa hata, kisha akasema, "Huyu ameandikia gotini, tena yuko safarini." Hapo akaanza kuuliza maswali huku na kule, na barua nyingi zikafika.

Alipostaafu, udadisi wake haukustaafu. Aliyeipata joto ya jiwe ni mumewe, fundi redio aliyefanyia kazi zake barazani. Kila asubuhi, bisibisi mkononi, aliulizwa kwa nini jirani amepaka mlango rangi mbili, na kwa nini muuza maziwa siku hizi anapita upande wa pili. Mwezi wa tatu mzee aliinua mikono juu.

"Mama watoto," akasema, "nakupenda, lakini mimi si ofisi ya habari. Hayo maswali yatafutie pa kuyapeleka."

Mwisho wa mtaa wao palikuwa na shule ya msingi. Akaenda kumwona mwalimu mkuu, akamuuliza kama kuna kazi yoyote ambayo hakuna mtu anayeitaka. Mwalimu mkuu alifungua droo, akatoa ufunguo wenye kutu, akampa palepale kabla hajabadili mawazo. Ulikuwa ufunguo wa maktaba. Kusema kweli ilikuwa stoo yenye vitabu vya msaada, dirisha moja lisilofunga, kabati la chuma, na mchwa walioanza kuvisoma vitabu hivyo kabla ya watoto.

Alifagia siku mbili, akapanga wiki nzima, akatengeneza rafu kwa madawati mabovu. Sheria yake ilikuwa moja tu: anayeazima kitabu aandike jina lake mwenyewe kwenye daftari kubwa la mezani. Haikupita miezi mitano akawa anaijua miandiko ya watoto mia tatu kama anavyovijua vidole vyake. Watoto nao wakampa jina, Bibi Posta.

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo msichana wa darasa la tano ambaye walimu walimwita Kimya. Mwembamba, kichwa kimenyolewa kama wanafunzi wenzake wote, sare imepauka lakini safi. Alikuja karibu kila mapumziko ya mchana, akaandika jina, akachukua kitabu, akaondoka. Ukimsalimia aliitikia, ila hakuongeza neno.

Alhamisi moja mvua iliwazuia watoto madarasani, Bibi Posta akawa hana wa kumhudumia. Akaanza kupekua daftari kurasa za nyuma, kama wengine wanavyotazama picha za zamani. Katika wiki tatu zilizopita jina la Kimya lilikuwepo mara kumi na moja. Mara sita lilikuwa limelala kulia, herufi ya kwanza ikiwa na mkia mrefu wa madaha. Mara tano lililala kushoto, herufi zimebanana, na wino umepakazwa, kama unavyopakazwa mtu anapoandika kwa mkono wa kushoto na ule mkono ukapita juu ya alichoandika.

"Hebu kwanza," alijisemea, akavaa miwani vizuri.

Aliwaza kwamba labda kuna rafiki anayetumia jina la Kimya kwa sababu ana kitabu ambacho hajarudisha. Watoto wana ujanja wao. Akaamua kukaa chonjo. Jumatatu Kimya alikuja, akaandika kwa mkono wa kulia, na mkia mrefu ukatokea. Jumanne akaja Kimya yuleyule, sura ileile, sare ileile, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Mjukuu wangu," Bibi Posta akasema taratibu, "kumbe unaandika kwa mikono yote miwili?"

Mtoto alishtuka kidogo tu, kama mtu aliyeguswa bega na asiyemjua. "Ndiyo, Bibi."

"Hodari! Nionyeshe basi na ule mwingine."

"Leo unauma."

Alipouvuta mkono, mkono wa shati la sare ukapanda, na Bibi Posta akaona kovu bichi la kuungua juu kidogo ya kifundo, jekundu, kubwa kama kifuniko cha soda. Siku iliyofuata Kimya alikuja tena. Mkono wa kulia. Aliponyoosha kuchukua kitabu, kifundo kilikuwa kizima, laini, hakina hata doa.

Kengele ilipolia, Bibi Posta alirudi kwenye daftari, akalinganisha tena miandiko ile miwili. Hakuna dawa ya kuungua inayofanya kazi hivyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Vitabu alivyoazima Kimya vilirudi na vitone kwenye kurasa, vinavyong'aa ukivipitisha kwenye mwanga. Alikipeleka kimoja barazani kwa mumewe. Mzee akakikwaruza kitone kwa ukucha.

"Nta ya mshumaa," akasema. "Umeme umekatika kwao, anasomea mshumaa. Kuna ajabu gani?"

"Mshumaa wa rangi ngapi? Tazama. Hapa mwekundu. Hapa mweupe. Huu hapa wa buluu. Ukurasa mmoja!"

Mzee akamtazama mkewe juu ya miwani. "Haya, hilo ni swali," akakiri.

Sasa hapa ndipo Bibi Posta alipokosea, na mwenyewe hajawahi kulificha. Alijua kwamba nyuma ya mtaa wa wauza mbao kuna karakana ya mishumaa. Angeweza kwenda kwa mwalimu mkuu asubuhi ile. Lakini udadisi ulimwasha kama upupu. Akachukua kikapu, akajifanya mteja, akaenda kujionea.

Alipita geti la bati, akaingia chumba kirefu kisicho na dirisha. Joto lilimpokea mlangoni. Sufuria kubwa ya nta ilichemka pembeni, na kwenye meza ndefu wasichana wanne au watano walikuwa wamekaa, wengine wakikata tambi za mishumaa, wengine wakimimina nta kwenye mikebe myembamba. Hakuna aliyeongea. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya shule. Katikati ya meza alikuwa Kimya, mkasi mkono wa kushoto. Na saa ileile, Bibi Posta alijua kabisa kwa sababu alikuwa amemwona kupitia dirisha la darasa alipopita njiani, Kimya alikuwa darasa la tano, dawati la tatu, akinakili ubao.

Mtoto aliinua macho, yakagongana na ya Bibi Posta. Ilikuwa nukta moja tu, lakini mwenye karakana aliiona. Mtaa mzima ulimwita Shangazi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Karibu, mama. Mnafahamiana na binti yangu huyu?"

"Aa, nimemfananisha."

"Ni watoto wa ndugu zangu, wananisaidia kidogo. Nimewatoa mbali, hawakuwa na mbele wala nyuma. Mmoja nimempeleka shule, unajua tena, mtu unajitolea."

Bibi Posta akanunua mishumaa asiyoihitaji, akatoka.

Kesho yake Kimya hakuja shuleni, si wa kushoto wala wa kulia. Kesho kutwa hivyo hivyo. Dawati la tatu lilikaa tupu siku nne. Bibi Posta alikosa usingizi, chakula kikawa kama majivu mdomoni, na mumewe, ambaye siku zote alilalamikia maswali, alianza kuogopa ule ukimya. "Nenda ukaseme," akamwambia. "Ukibaki nayo itakuua."

Akaenda. Mwalimu mkuu alimsikiliza akiwa amekunja uso, kisha akafungua daftari la mahudhurio.

"Mama, huyu mtoto ndiye mwenye mahudhurio bora shule nzima. Tangu aanze hadi wiki hii, hajakosa hata siku moja. Haugui, hachelewi."

"Ndiyo, mwalimu. Kwa sababu ni wawili."

Mwalimu mkuu alirudi kwenye daftari. Akatazama ile safu ya alama za wino iliyonyooka bila tundu hadi siku nne zilizopita, akainua simu.

Afisa ustawi wa jamii alifika mchana uleule. Alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wa Bibi Posta, amevaa raba, na mkoba wake mkubwa ulijaa mafaili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akakaa, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, akaomba aone daftari la maktaba na vitabu vyenye nta, akavipiga picha. Halafu akafunga kalamu.

"Mama, nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Macho yako ni dhahabu. Miguu yako ndiyo imetuharibia. Ukishaona, unaleta kwetu, hufuati mwenyewe. Watu hawa wakishtuka wanahamisha watoto, na sisi tunaanza upya kutafuta. Na anayelipia ile safari yako ni mtoto."

Bibi Posta alikuwa na miaka sitini na mbili, na ilikuwa zamani sana tangu akaripiwe na mtu. Hakujitetea. "Nimekosa," akasema. "Sasa tufanye nini?"

"Wewe, hakuna. Ngoja."

Kungoja ndiko kulikomshinda kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Asubuhi iliyofuata, afisa na polisi wa dawati la watoto walipokwenda kwenye karakana, yeye alikuwa maktabani akipanga vitabu vilivyokwisha pangwa. Alivipanga kwa ukubwa, akavipangua, akavipanga kwa rangi. Saa sita kasoro simu ikalia. Watoto sita wamepatikana, wawili wakiwa wamefungiwa chumba cha nyuma kati ya magunia ya nta. Wote wako salama. Bibi Posta akakaa sakafuni, akalia mpaka mwalimu mkuu akaleta maji.

Wiki moja baadaye afisa alimwomba aende kituo walikohifadhiwa wasichana. Wenzao walikuwa wameanza kuzungumza. Wale Kimya wawili walikuwa hawajasema neno. Alipoingia ndipo kwa mara ya kwanza akawaona wamekaa pamoja. Hawakuwa mapacha. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo kumi na mmoja, na mdogo alikuwa na mwanya ambao, kwa kuwa Kimya hakuwahi kucheka, hakuna mtu shuleni aliyewahi kuuona.

"Nimekuja kuomba radhi," Bibi Posta akaanza. "Nilikuja kule kwa udadisi wangu, nikawaletea balaa. Sikupaswa."

Wakatazamana. Kisha yule mkubwa akasema, "Mdogo wangu alidhani umefuata kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha wanyama," mdogo akasema, macho chini. "Kilichelewa siku mbili."

Afisa alikohoa ili asicheke. Bibi Posta hakuweza kujizuia, na kicheko kile ndicho kilichofungua mlango. Wakaeleza, mmoja akianza sentensi na mwingine akiimalizia. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alifika kwao akamwambia mama yao kwamba atawasomesha wote wawili. Walipofika, alinunua sare moja, akaandikisha jina moja, la mkubwa, ili wageni wakiuliza aonyeshe kwamba anasomesha. Mdogo akabaki mezani na mkasi. Kila alasiri mkubwa akirudi aliketi naye kukata tambi, akimfundisha kwa kunong'ona yote aliyoyasikia siku ile.

"Nikachoka kuhadithiwa," mdogo akasema. "Nilitaka kuuona ubao mwenyewe. Nikamwambia dada, kesho naenda mimi."

"Na Shangazi?"

"Asubuhi anawahi sokoni. Alichotaka ni mmoja awepo mezani. Alituita wote 'wewe'."

Bibi Posta akavuta kiti karibu. Maswali yalikuwa yamemjaa hadi kooni. Walijuaje pa kukaa? Waliwezaje kutokosea majina ya wenzao? Mkubwa akaeleza kwamba walikuwa na utaratibu: kabla ya masomo, aliyetoka shule alitoa taarifa. Nani amesema nini, nani kaazimwa kalamu, nani kagombana na nani.

"Siku moja alipigana na msichana wa dawati la nyuma, akasahau kuniambia. Mimi kesho yake nikaenda nikamsalimia vizuri."

"Akakufanyaje?"

"Akanimwagia maji."

"Nilikuwa nimechoka!" mdogo akajitetea, na ikaonekana kwamba ugomvi huo haujaisha.

"Na mwalimu hakuona kwamba mkono unabadilika?"

"Mwalimu ana watoto themanini, Bibi," mkubwa akasema, kama anayemtetea.

Afisa alimpata mama yao baada ya wiki tatu. Alikuja na mkoba mmoja, akakaa ukingoni mwa benchi kama mtu asiye na hakika kwamba ameruhusiwa kukaa. Aliushika mkono wa mdogo wenye kovu, akaugeuza, akaugeuza tena. "Kila nilipopiga simu walikuwa wananiambia, 'Mama, nasoma,'" alisema. "Nami nikalala nimetulia." Mdogo alijilaza mapajani mwake. Mkubwa alibaki amesimama dirishani, na alipoitwa akasema anaangalia mvua, ingawa jua lilikuwa linawaka. Yeye ndiye aliyeambiwa siku ya kuondoka amtunze mwenzake, na hasira yake haikuwa ya kuisha kwa siku moja.

Ofisi ya ustawi ikamtafutia mama chumba karibu na shule na kumlipia miezi ya mwanzo, na mwalimu mkuu akampa kazi jikoni mwa shule. Mdogo akaandikishwa kwa jina lake. Ilipofika kuwapima, walimu waliwapa mtihani kila mmoja chumba chake, wakitegemea kila mmoja ajue nusu. Wakajikuta wameshikwa na butwaa: wote wawili walijua karibu kila kitu. Kosa lililowachekesha walimu lilikuwa la mdogo. Aliandika kwamba moyo wa binadamu uko kulia. Alipoulizwa, akasema ndivyo alivyofundishwa, na kweli, dada yake alikuwa amemfundisha wakiwa wamekaa uso kwa uso mezani, akijigusa kifua, na mdogo akaiga kama kwenye kioo.

Siku ya kwanza kuingia darasani pamoja waliomba wakae madawati tofauti. Mkubwa alilalamika kwamba mdogo wake akijibu ovyo watu watadhani ni yeye. Na mwezi haujaisha, Bibi Posta akamkuta mdogo nyuma ya maktaba, wakati wa kipindi, anachora mchangani kwa kijiti.

"Mbona hupo darasani?"

"Leo zamu ya dada," akasema, na mwanya ukaonekana. Bibi Posta alimshika sikio kwa upole, akampeleka darasani, akarudi peke yake akicheka.

Kesi ya Shangazi ilichukua karibu mwaka, akafungwa. Majirani waliomsifu kwa ukarimu wakasema walijua tangu mwanzo. Kati ya wasichana wengine wanne, watatu walirudi shule. Wa nne, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikataa katakata kukaa na watoto wadogo, na afisa akamtafutia nafasi ya kujifunza useremala. Mwalimu mkuu naye alimwita Bibi Posta azungumze na walimu. Alisimama mbele yao akaeleza alichokiona, kisha akaeleza kwa kirefu zaidi alichokikosea. Namba ya simu ya afisa ikabandikwa kila mlango, kimo cha macho ya mtoto.

Mama wa wasichana, akishaosha masufuria, alizoea kupita maktabani kuwasubiri binti zake. Siku moja alimnong'oneza Bibi Posta kwamba ile karatasi ambayo Shangazi alimpa atie kidole gumba alipowachukua watoto, hadi leo hajui iliandikwa nini. Hakuwahi kusoma. Je, mtu wa umri wake bado anaweza kufundishwa?

Bibi Posta alikuwa anafungua mdomo kusema atamfundisha yeye. Lakini mkubwa, aliyekuwa kwenye rafu ya pili na ambaye kwa miezi alimjibu mama yake kwa neno moja moja, alifunga kitabu alichokuwa anasoma. Akavuta dawati, akaliweka ubavuni mwa mama yake, wakitazama upande mmoja. Akatoa kalamu.

"Tunaanza na jina lako," akasema. "Usinitazame mimi, mama. Tazama karatasi."